Gari Lisilo na Nyuma

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha kinyozi, na bawaba zake bado zipo. Ukikaa vibaya zinakukumbusha. Ukitaka kujua jambo lolote, fika pale asubuhi, utaambiwa hata kama hukuuliza. Kinyozi wanamwita Mashine, kwa sababu akianza kusema hazimiki mpaka umeme ukatike. Kando yake hukaa Wakili, ambaye hajasoma sheria hata ukurasa mmoja; zamani aliitwa mahakamani kutoa ushahidi kwenye kesi ya baiskeli, na tangu siku hiyo hajarudi kuwa mtu wa kawaida. Muuza kahawa huweka birika mbele yao, na yeye mwenyewe hukalia kigoda kifupi kiasi kwamba magoti yanamfikia kidevuni. Na mwisho wa benchi, upande usio na bawaba, wiki hii yote amekaa King'ora, aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa la hospitali mpaka alipostaafu juzijuzi hapa. Amekaa na simu mapajani, na hana raha.

Shida yake ni ya kujitakia, na shida ya namna hiyo hata huruma huipati. Kule nyuma ya soko kuna yadi ya magari yaliyotumika, na ndani ya yadi kuna magari mawili ya spoti, matoleo mawili ya gari lile lile, mwaka mmoja, milango miwili, viti viwili, yako chini utadhani yamechuchumaa. Moja ni la bluu, paa linafunguka, gia za kubadilisha kwa mkono. Jingine ni la kijivu, paa la bati, otomatiki, injini kubwa kidogo. Mafao yake yanatosha moja tu. Mwenye yadi amesema atapiga simu kabla ya adhuhuri aambiwe lipi, maana yupo mteja mwingine, na litakaloachwa atalichukua huyo. King'ora ameshakwenda kuyakalia yote mawili mara nyingi hata mlinzi wa yadi anamsalimu kama mjomba wake. Lakini kuamua, wapi. Amechoka, na uchovu wake si wa kazi, kwa sababu kazi imekwisha. Ni uchovu wa mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kinambana, na mguu ukaendelea kuuma vile vile.

— Tuanze upya, alisema Mashine huku akipangusa kitana kwenye aproni. Ya bluu inafunguka paa. Ya kijivu haifunguki. Sivyo?

— Ndivyo, alijibu King'ora. Tunaanza upya tangu juzi.

— Basi ya kijivu. Mimi nashika vichwa vya watu, najua ninachosema. Upepo wa kasi unang'oa nywele na mizizi yake. Wenye magari ya wazi wote wana vipara.

— Mimi nina kipara tayari.

— Si ndiyo nasema. Sasa utabakiwa na nini?

Wakili alikohoa kama mtu anayesubiri hakimu akae.

— Mwenzetu anaongea nywele, mimi naongea ushahidi. Gari la wazi kila mtu anakuona. Uko wapi, saa ngapi, na nani. Huwezi kukana. Ya kijivu unapandisha vioo, basi, huna kosa.

— Kosa gani, Wakili? Mimi ni mzee mzima.

— Ndio umri wenyewe, alisema Wakili, akagonga benchi kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kama afanyavyo kila akimaliza hoja.

Mguu wa kulia wa King'ora ukainuka wenyewe kutoka ardhini, kama vile kuna mtu amemwambia aachie mafuta. Alipouona uko juu, akaurudisha taratibu, akatazama kando.

Hawa wenzake hawakujua, kwa sababu hakuwahi kuwaambia. Kwenye gari la wagonjwa, kati ya dereva na kule nyuma kuna ukuta wa bati, na muuguzi akitaka kusema na dereva hugonga ule ukuta. Akigonga mara moja, punguza, mgonjwa anaumia na mashimo. Akigonga mara mbili, kanyaga. Akigonga mara tatu, zima king'ora, hakuna haraka tena. Na dereva hageuki. Hilo alifundishwa siku ya kwanza na yule mzee aliyemwachia usukani: ukigeuka kumwangalia mmoja utawaua wote. Basi King'ora alibeba nusu ya mji ule mgongoni mwake na sura zao hazijui. Anajua vilio tu.

— Usigonge, Wakili, alisema.

— Samahani. Ni hoja iliyogonga.

Muuza kahawa alijaza vikombe, akajikunja tena kwenye kigoda chake.

— Mimi naangalia gia, alisema. Gia za mkono zinakula mguu wa kushoto. Ile ya hospitali ilikuwa ya mkono?

— Ya mkono.

— Basi mguu wako umeshatumika kama magari yenyewe. Chukua otomatiki, upumzike.

— Umuue, alidakia Mashine. Hujui habari ya damu wewe. Mtu aliyekimbia maisha yake yote, damu imezoea kasi. Ukimsimamisha ghafla, inaganda. Hebu jibu, King'ora. Unalala?

— Silali.

— Mmemsikia. Huyu anatakiwa apunguziwe kidogo kidogo. Mwezi huu gia ya tano. Mwezi ujao ya nne. Akifika ya kwanza, amepona, anauza gari anatembea kwa miguu kama sisi. Otomatiki haina huruma hiyo.

King'ora alikunywa kahawa yake. Hakucheka. Kitu kilichomchosha zaidi ni kwamba maneno ya kipuuzi ya Mashine yalikuwa yanamgusa mahali fulani. Ni kweli halali. Hulala chali akitazama dari, na mkewe kando anapumua, na yeye anasubiri ukuta ugongwe.

— Nyinyi mnasahau jambo kubwa, alisema Wakili. Haya magari yametumika. Yana kumbukumbu. Ile ya bluu, kiti cha dereva umekikuta kimesukumwa wapi?

— Nyuma kabisa.

— Mtu mrefu, anayekimbia jambo. Na injini imeshamzoea. Wewe utaelekeza sokoni, yenyewe itakata kona ikusimamishe mlangoni kwa mwanamke usiyemjua, atoke akuulize umekuwa wapi miaka yote hii. Utamjibu nini?

— Nitamwambia nimestaafu.

— Hilo si jibu kisheria.

— Basi tumalize, alisema Mashine, akasimama kabisa kwa uzito wa wazo lake. Nunua ya kijivu. Siku ukilichoka paa, tunalikata kwa msumeno, unakuwa nayo ya wazi. Lakini ya bluu huwezi kuiotesha paa la bati hata uimwagilie maji.

Wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa na akili. Ndiyo hali waliyofikia baada ya wiki nzima: hilo la msumeno ndilo lilikuwa shauri bora kuliko yote.

— Kwani wewe mwenyewe, aliuliza muuza kahawa, unachotaka hasa ni nini? Kasi?

— Kasi nimeshiba.

— Sasa?

— Yote yana viti viwili, alisema King'ora. Mimi nilitaka viti viwili.

— Vinatosha, alisema Wakili, na hakuna aliyemwelewa King'ora wala aliyejaribu.

Ndipo akatokea mke wake, anatoka sokoni na kikapu cha vitunguu. Walimwona tangu mbali, kwa sababu alikuwa anakuja kwa vituo: anatembea, anashika ukuta, anapumzika, anaanza tena. Goti la kulia lilimharibikia mwaka jana na hajapata nalo suluhu.

— Karibu, shemeji, alisema Mashine akisogea. Kaa hapa, tahadhari na bawaba.

— Asante, shemeji. Nikikaa hapo chini mtatafutana kuniinua. Bado mnachagua?

— Tumekaribia, alisema Wakili. Tumefika kwenye msumeno.

Mama alimtazama mumewe, jinsi mabega yalivyomshuka. Akaweka kikapu kwenye paja la Mashine bila kumwomba.

— Nina swali moja tu, nisiwacheleweshe. Kati ya hizo mbili, mimi nitaingiaje?

Kila mtu akatafuta pa kutazama. Wiki nzima wamepima paa, gia, injini, damu na nywele, na King'ora mwenyewe kaenda yadi siku zote hizo, kakaa kushoto, kakaa kulia, na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka goti.

— Mlango upo, shemeji, alisema Wakili kwa sauti ndogo, na hata yeye hakuridhika.

— Kiti chake kina kimo gani?

King'ora alitazama huku na huku, kisha akanyoosha kidole kwenye kigoda cha muuza kahawa. Muuza kahawa akainuka bila kuambiwa. Mama akashika bega la mumewe, akaanza kushuka. Alishuka vizuri mpaka katikati. Hapo goti likakataa, na safari iliyobaki aliimaliza kwa kudondoka. Akakaa. Aliuma meno, akasubiri maumivu yapite, akavuta pumzi.

— Haya, nimo. Gari zuri. Linakwenda. Sasa nitoe.

King'ora alisimama mbele yake, akapanga miguu, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akahesabu kimoyomoyo, akainua. Mikono ilikuwa inajua, imeinua watu wengi mno. Mama akasimama. Lakini mgongo wa King'ora ukalia kah, na ikabidi yeye naye ashike ukuta wa kinyozi, wakabaki wameegemea pale wote wawili wanahema.

— Hivi kila tukisimama? aliuliza mama.

— Kila tukisimama.

— Na siku mgongo wako nao ukigoma, nani atatutoa humo?

Mashine alifungua mdomo. Wote waliliona neno lake likija, maana gari la kuja kuwatoa watu wa namna hiyo ni moja tu, na wote wanalijua, na wanamjua aliyekuwa analiendesha. Akaufunga. Wakili alishainua kidole agonge benchi, akakirudisha mapajani. Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa tone moja na mashapo.

— Kahawa imeisha, alisema, akaona ni afadhali kuwa amesema kitu.

King'ora alikuwa bado anautazama ukuta.

— Mama, alisema, mimi nilitaka gari lisilo na nyuma.

— Lisilo na nyuma vipi?

— Miaka yote mtu amelala mgongoni mwangu analia, na mimi siruhusiwi kugeuka. Wakigonga mara tatu najua amekwisha. Nazima king'ora, naendesha polepole, na bado sigeuki. Nafika hospitali, wanamshusha, naosha gari, narudi nyumbani unaniuliza kazi ilikuwaje, nasema salama. Sasa kazi nimeacha na bado nawasikia. Nikasema nipate gari ambalo nyuma hakuna mtu. Hata nafasi ya mtu hakuna. Uwe wewe tu hapo kando, nikigeuka nakuona.

Wameoana ujana wao wote na uzee huu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kulisikia. Alimshika mkono, si kwa ajili ya goti. Wale wa kwenye benchi walitazama viatu vyao. Mashine alikikumbatia kikapu cha vitunguu kana kwamba kitapotea.

Simu ikaita. King'ora aliitazama inavyotetemeka, akaminya, na sauti ya mwenye yadi ikasikika mpaka kwa muuza kahawa.

— Mzee wangu, muda umefika. Bluu au kijivu?

Mama alinyoosha mkono, akaichukua simu.

— Mwanangu, mimi ni mkewe. Una gari la kawaida, viti virefu, la mtu anayeumwa goti?

— Lipo, mama. La siku nyingi, lakini zima. Mtu unaingia kama unaingia sebuleni. Na lina nyuma kubwa sana, nyuma hiyo unalaza hata kitanda.

Mama alisita. Alimtazama mumewe, ambaye kila neno alikuwa amelisikia, na sasa ameinamisha kichwa. Alipeleka mkono mmoja kwa Mashine, akachukua kikapu chake.

— Liweke hilo, tunakuja kulitazama, alisema kwenye simu. Kisha akamgeukia mumewe: Nyuma tutaweka vitunguu. Mimi nakaa mbele.