Historia ya Marehemu Faustina Kalinga, Muuguzi Aliyezuia Taa Isiwashwe

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Kalinga mliotoka Tosamaganga, wazee wa ukoo wa Mwaisumo, majirani wa Isyesye, wafanyakazi wenzake na marehemu, ndugu na jamaa wote, poleni na msiba, na asanteni kwa kusimama nasi kwenye jua hili. Historia hii imeandaliwa na familia na inasomwa na mdogo wake, Anania. Katikati yake kuna jambo ambalo wengi mmelisikia kwa minong'ono tu, na marehemu mwenyewe, wiki mbili kabla hajafariki, aliagiza lisomwe wazi mbele ya watu, bila kupunguzwa.

Marehemu Faustina Silvester Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Tosamaganga, mkoani Iringa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Silvester Kalinga na Bi Matilda, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Akiwa na miaka saba familia ilihamia Mgololo, baba alikopata kazi, na huko alianza shule ya msingi mwaka 1979 na kumaliza mwaka 1985, kisha akasoma sekondari ya wasichana mjini Iringa hadi mwaka 1989, na mwaka 1990 akajiunga na mafunzo ya uuguzi, ambayo aliyahitimu mwaka 1993. Waliosoma naye wanamkumbuka kwa sauti kubwa kwenye kwaya na kwa kukosea noti kwa ujasiri.

Alianza kazi mwaka 1994 katika zahanati karibu na Mgololo, na hapo ndipo alipokutana na mwalimu kijana wa hesabu kutoka Mbeya, Mika Mwaisumo, aliyekuja kufungwa kidonda cha mguu na akaendelea kuja hata kidonda kilipokwisha kupona. Walifunga ndoa takatifu tarehe 7 Septemba 1996 katika kanisa la Tosamaganga, wakajaliwa watoto wawili, Ikupa aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1998 na Adrian aliyezaliwa tarehe 19 Julai 2001. Familia inakiri kwamba Faustina hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye, maana alikuwa na ulimi mkali, hakusahau neno aliloahidiwa, na mtu akimwambia "karibu kilo mbili" alimuuliza ni kilo ngapi.

Kazi ya macho hakuichagua. Mwaka 2003 kozi ya uuguzi wa macho mjini Moshi ilikuwa na jina la mwenzake, mwenzake akaugua, naye akaambiwa apande basi kesho yake, akaenda akilalamika, akarudi amebadilika. Mwaka 2004 aliajiriwa katika kliniki ya macho jijini Mbeya, na mwaka 2016 kliniki hiyo ilipoanza utafiti juu ya ugonjwa wa konea, yeye ndiye aliyekabidhiwa mashine ya picha. Kwa faida ya wasiojua, konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, na kwa baadhi ya vijana kioo hicho hukonda na kuchomoza kama ncha ya yai, mpaka mtu anaona taa moja kama taa tatu. Tiba iliyokuwa ikifanyiwa utafiti ni kukwangua ngozi nyembamba ya juu ya konea, kulitia jicho matone ya njano ya vitamini kwa nusu saa, kisha kulimulika kwa taa ya mionzi maalumu ili konea ikaze. Lakini konea ikiwa nyembamba kupita mikroni mia nne, yaani pungufu ya nusu milimita, mionzi hiyo hupenya na kuunguza tabaka la ndani, na tabaka hilo likifa halioti tena. Kwa hiyo usalama wa mgonjwa ulitegemea namba iliyotoka kwenye mashine ya Faustina.

Naye alikuwa na desturi iliyowachekesha wenzake. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, alikaa mwenyewe kwenye mashine, akaweka kidevu, akamwomba mwenzake abonyeze kitufe, akaandika unene wa konea yake katika daftari. Kwa miaka miwili namba yake ilikuwa mia tano arobaini na moja, ikipanda au kushuka mikroni tatu, nne, basi.

Mwezi Mei mwaka 2018 mashine ilipelekwa Iringa kupima wanafunzi, na Jumamosi tarehe 9 Juni ikarudishwa Mbeya kwa gari, Faustina akabaki nyuma kukamilisha fomu. Jumatatu tarehe 11 mtu mwingine aliishika mashine, na watu wanne wakatibiwa. Faustina alifika jioni hiyo kwa basi, na Jumanne asubuhi, saa moja na nusu, akakaa kwenye kiti chake kama kawaida, na mashine ikasoma mia tano sabini na tisa.

Alirudia mara tatu, na mara zote ilikuwa ileile. Konea huvimba kidogo mtu anapoamka, hilo alilijua, lakini yeye alikuwa macho tangu saa kumi alfajiri, na konea ya mtu mzima hainenepi mikroni thelathini na nane kwa safari ya basi. Ndipo alipofungua orodha ya siku hiyo akaona kwamba binti wa kwanza, Tumpe, mwanafunzi wa ualimu mwenye miaka ishirini na mbili, alipimwa jana yake kwa mashine hiyohiyo, akaandikiwa mia nne ishirini na mbili, ngozi ya juu ikiwa imekwisha kutolewa kwenye hesabu, na kwamba saa hiyo, kwa kuwa kazi ilianza mapema kwa ajili ya wageni, tayari yuko chumba cha upasuaji, amekwisha kukwanguliwa, na matone yanakaribia kuisha.

Faustina alikimbia. Alisukuma mlango akiwa na viatu vya nje na nguo zake za nyumbani, jambo ambalo kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwafokea wengine kwa ajili yake. Ndani alikuwepo kiongozi wa utafiti, Dkt. Anord Mahenge, na wageni watatu wa wafadhili wamesimama ukutani, na taa imekwisha kushushwa juu ya jicho la Tumpe.

"Daktari, usiwashe hiyo taa," alisema.

"Sista Kalinga, umeingia na viatu vya nje."

"Najua. Mashine inadanganya. Inaongeza thelathini na nane."

"Toka, tutaongea baadaye," alisema Dkt. Anord, na mguu wake ukatafuta swichi ya chini.

Marehemu aliandika katika daftari lake kwamba pale aliwaona wageni, akaiona kazi yake, akaiona ada ya chuo ya Ikupa, na kwamba akisimama kufikiri zaidi angetoka nje kama alivyoambiwa. Basi hakufikiri. Alikwenda ukutani akachomoa waya wa taa, akaushika mkononi.

Chini ya kitambaa Tumpe, ambaye alikuwa macho, akauliza, "Sista, kuna nini? Jicho langu lina nini?"

"Jicho lako ni zima, mwanangu," alimwambia, akamshika mkono. "Tulia hivyo hivyo."

Kulikuwa na kipimo cha zamani cha kugusa jicho, kilichokuwa kimefungiwa kabatini tangu picha zilipoanza kuaminiwa. Kililetwa, na dakika zile za kutafuta ufunguo marehemu alizieleza kuwa ndefu kuliko uchungu wa watoto wake wote wawili. Kilisoma mia tatu themanini na nne. Dkt. Anord akaomba kirudiwe, kikasoma mia tatu themanini na nne. Alivua glavu, na Tumpe akasafishwa jicho akafungwa bandeji.

Wengi walidhani mambo yaliishia hapo, kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza, kwa sababu wale wanne wa Jumatatu wote walikuwa wamepimwa kwa mashine ileile, na wote namba zao zilikuwa chini ya mia nne na thelathini. Kwenye korido, mchana huo, Dkt. Anord alimwambia wasubiri kwanza ripoti ya fundi, wasiwatie watu hofu, maana utafiti ukifungwa kuna vijana mia mbili kwenye orodha ambao macho yao yanazidi kuharibika kila mwezi, na hao nani atawatibu? Familia inataka ieleweke kwamba hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na marehemu hakuichukulia kipuuzi. Alimjibu tu, "Hao mia mbili hatujawagusa. Hawa wanne tumewagusa."

Tarehe 18 Juni 2018 alipewa barua ya kuondolewa kwenye utafiti, kwa kosa la kuingia chumba cha upasuaji bila utaratibu na kukata umeme wakati wa tiba, na akakatazwa kuwasiliana na mgonjwa yeyote mpaka kamati ya maadili ikae. Akapelekwa dirisha la kadi. Siku tano baadaye, Jumamosi, alivaa koti lake kwenda milima ya Umalila, anakoishi Aroni, mkulima wa viazi na pareto, mmoja wa wale wanne.

"Mama Ikupa, barua imesema usiwafuate," alisema mumewe.

"Imesema. Wewe unakuja, huji?"

Mwalimu Mika alikwenda. Walimkuta Aroni amekaa kwenye kibaraza, amefunga jicho la kushoto kwa leso, konea imeingia ukungu kama dirisha la jikoni. Faustina alimweleza yote, kuhusu mashine, namba na taa, na kwamba anatakiwa kuanza dawa siku hiyohiyo.

"Si mlisema nitaona vizuri?" aliuliza Aroni.

"Tulisema. Tukakupima vibaya."

Aroni akasema, "Mke wangu alinikataza kuja kwenu. Nilimcheka." Marehemu alimtia matone, akamwonyesha mkewe namna ya kuyatia, na kila Jumamosi, kwa miezi minne, alipanda milima ile.

Wawili wengine, mwanafunzi wa chuo na fundi cherehani wa Mbalizi, aliwapata kabla ya mwezi kwisha, na kwa neema ya Mungu macho yao yalipona kwa dawa. Kamati ya maadili ilikaa mwezi Novemba, fundi wa mashine akathibitisha kwamba kioo kimoja ndani yake kililegea njiani, utafiti ukasimamishwa, kisha ukaruhusiwa kuendelea kwa sharti kwamba kila jicho lipimwe pia kwa kipimo cha kugusa, na tarehe 4 Machi 2019 Faustina akarudishwa kwenye chumba chake cha picha. Tumpe alitibiwa kwa dawa nyingine inayofaa konea nyembamba, na leo anafundisha darasa la tatu. Aroni aliwekewa konea mpya jijini Dar es Salaam mwezi Agosti 2021, na yuko hapa, amekuja na gunia la viazi ambalo ndilo mnalopikiwa.

Mgonjwa wa nne anaitwa Fred, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye wakati ule alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alijiandikisha kuwa anatoka Mafinga na akaacha namba ya simu ya bosi wake. Faustina alipopiga, bosi alisema Fred ameacha kazi, hajui alikokwenda. Alikwenda Mafinga mara nne, Iringa mjini hakukumbuka mara ngapi, akaingia karakana moja baada ya nyingine akiuliza, na mafundi wakamzoea wakamwita mama wa Fred. Kilichomnyima usingizi ni kwamba tabaka la ndani la konea linaweza kufa polepole, mtu asijue mpaka miaka ipite, na kwamba Fred kila siku anakaa mbele ya mwali wa kuchomelea na jicho ambalo hajui kuwa lilijeruhiwa.

Mwezi Januari 2025 marehemu alianza kupata maumivu ya tumbo na kupungua uzito, na tarehe 11 Machi akagundulika kuwa na saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Aliuliza amebakiwa na miezi mingapi, daktari akasema "michache," akamuuliza michache ni mingapi. Katika kipindi hicho Dkt. Anord alimtembelea mara nyingi, na siku moja mbele ya Ikupa alimwambia, "Sista, nilikuwa nimeuweka mguu kwenye swichi." Faustina alimjibu, "Najua, niliuona. Fred amepatikana?" Dkt. Anord yuko nasi leo, tulimpa historia hii aisome kwanza, na aliirudisha akiwa hajafuta mstari hata mmoja.

Jumapili ya mwisho ya uhai wake alimwomba Ikupa ampigie tena namba ile ya bosi wa Fred, na simu ikasema haipatikani. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, nyumbani kwake Isyesye, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa kliniki, jumuiya ndogondogo na kwaya, majirani wa Isyesye waliopika na kukesha nasi, na ndugu waliosafiri kutoka Iringa na Mgololo. Tena inawaomba ninyi nyote, hasa mnaorudi kwa barabara ya Mafinga, yeyote anayemfahamu fundi Fred, mrefu, mwenye kovu la moto kwenye mkono wa kulia, ambaye sasa ana miaka thelathini na sita, amwambie aje kupimwa jicho la kulia, bila malipo, hata kama anaona vizuri. Aulize kliniki kwa Dkt. Anord, au aje hapa nyumbani kwa Mwalimu Mika. Kwa Kiingereza cha hospitali au kwa Kihehe cha kijijini, tafadhali mwambieni.

Dada Faustina, nakusalimu kwa Kihehe chetu, kamwene. Lala salama, upumzike kwa amani, kumtafuta tunaendelea.