Spika Mpya Kwenye Behewa la Kimya

Callum alikuwa akizisifia spika zake mpya za masikioni, zile za bei mbaya zisizo na waya, kwa sauti iliyofika Newcastle kabla ya treni. Mwenyewe hakujisikia, maana alikuwa amezivaa.

Hilo lilikuwa behewa la kimya, lisiloruhusu abiria kupiga kelele. Kumwambia anyamaze kungekuwa kupiga kelele, kwa hiyo abiria walimwonyesha kwa kidole kibao cha ukutani kilichoandikwa "KIMYA". Callum akadhani wanamwonyesha mto uliokuwa ukipita nje ya dirisha.

Bi Glenys, jirani yake wa kiti, ndiye aliyemchomoa spika masikioni. "Kijana, tumeshaelewa hazidondoki ukikimbia. Kwa bei hiyo mimi naezeka nyumba."

"Unalipia utulivu, bibi," Callum alinong'ona. "Chaji siku nzima, na mtoto akilia nyuma yako huna habari."

"Utulivu huo ninao bure, tangu ulipofunga mdomo."

"Zijaribu basi, ndiyo useme."

Bi Glenys akazipachika, akafumba macho, uso ukamlainika. "SISIKII KITU!" alipaza sauti kwa raha. Vidole vikamhamia yeye, lakini macho alishayafumba.

Treni ikaingia Gosford, kituo cha Callum. "Bibi, mimi nashuka." Wapi! Akamgusa bega. Bi Glenys akafumbua jicho moja, akatabasamu, akamwonyesha kibao, akalifumba tena.

Milango ikafunguka.

"Bibi, spika zangu!" Callum akapiga ukelele.

Behewa zima likanyoosha kidole kwenye kibao.