Kigauni cha Bitana

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Kama ni lile gauni la harusi, limebaki pindo tu.

MPISHI: Hapana, mama. Shikamoo.

FUNDI: Marahaba. Ngoja nitoe mguu kwenye cherehani... Haya, sema.

MPISHI: Hunijui. Mimi ni mpishi, napikia shule ya bweni huku. Namba yako nimepewa na mkunga mmoja wa hospitali, yule mrefu, amestaafu—

FUNDI: Yule wa sauti nene? Bado yupo?

MPISHI: Yupo, mzima kabisa. Ndiye aliyenihudumia nilipojifungua. Mwanangu wa— (mtandao unakwaruza) —hakulia.

FUNDI: Mwisho sikuusikia. Ulisemaje?

MPISHI: Nilisema hakulia, mama. Alizaliwa ametulia.

FUNDI: Pole, mwanangu. Lini hiyo?

MPISHI: Zamani. Sasa hivi angekuwa anaota ndevu. Mimi nilipasuliwa, nikawa sijitambui. Nilipozinduka, mume wangu alikwisha kumzika. Nikamuuliza kavikwa nini, maana nguo zake zote tuliziacha nyumbani, kwenye beseni. Akageukia ukutani. Basi, sikuuliza tena.

FUNDI: Mm.

MPISHI: Tangu hapo mvua ikinyesha siwezi kukaa. Nakwenda kusimama mlangoni. Naona kama yuko nje, mtupu, analowa. Hata kule jikoni shuleni, mawingu yakijikusanya tu, mkono unaganda na upawa. Machozi yananitoka, wenzangu wanadhani ni moshi.

FUNDI: Na mumeo?

MPISHI: Alikuwa ananiona, ananyamaza. Juzi mvua ilipiga mchana kutwa. Akaja nyuma yangu, akauliza natafuta nini huko nje. Ndiyo nikamwambia, kwa mara ya kwanza. Naye akasema... akasema mtoto hakuzikwa mtupu. Eti alifunua shuka kabla hajamlaza, akamkuta kavishwa kigauni.

FUNDI: Ukamjibu nini?

MPISHI: Nikamwita mwongo. Nikamwambia ananitungia kigauni leo, baada ya miaka yote hii, ili nitoke pale mlangoni. Na mengine nilisema, siwezi kuyarudia kwako. Hatusemeshani tangu siku hiyo, analala stoo. Nikamfuata mkunga. Akasema mtoto mmoja mmoja hawakumbuki, ila kulikuwa na fundi mmoja wa cherehani—

FUNDI: Subiri. Mumeo alikieleza hicho kigauni?

MPISHI: Alisema kilikuwa cha—

FUNDI: Usiniambie. Mimi watoto wote siwakumbuki, na sitaki kukudanganya kwa sababu nimekuhurumia. Nikueleze nilivyokuwa nashona, kisha wewe ulinganishe.

MPISHI: Haya, mama.

FUNDI: Nilipeleka mapazia wodini, nikakuta mtoto mmoja aliyezaliwa ametulia, kazungushiwa bendeji tu. Sikusema kitu. Nikarudi nyumbani, nikafungua gunia la masazo. Siku hizo nilikuwa nashona suti za wanaume, kwa hiyo vipande vya bitana vilikuwa havikosekani. Bitana ni laini, haikwaruzi. Nikawa nampelekea mkunga. Vikiisha, nashona vingine.

MPISHI: Bitana ndiyo ile ya ndani ya koti? Inayong'aa?

FUNDI: Hiyo hiyo. Ya kijivu, au ya buluu, kama suti zilivyokuja. Naweka kola ndogo ya duara. Mbele hakuna kifungo. Nyuma pote wazi, unafunga kwa utepe shingoni na—

MPISHI: (kimya)

FUNDI: Haloo? Mtandao huu nao... Haloo?

MPISHI: Nipo. Alisema utepe wa shingoni ulifunguka mikononi mwake, akaufunga tena. Anasema mpaka leo hajui kama aliukaza.

FUNDI: Basi mumeo hakutunga.

MPISHI: Sasa kwa nini hakuniambia, mama?

FUNDI: Labda aliona akikitaja kigauni, amemtaja na mtoto.

MPISHI: Na kwa nini nyuma wazi?

FUNDI: Mkono wa mtoto wa hivyo haukunjiki. Wa kwanza kabisa, kabla hata ya huyo wa bendeji, nilimshonea nguo kama wanavyoshonewa watoto wote. Nikahangaika naye, nikahangaika... mwisho nikaichana kwa mkasi.

MPISHI: Wa kwanza alikuwa wa nani?

FUNDI: (cherehani inazunguka kidogo, inasimama) Hivi mumeo yuko wapi sasa?

MPISHI: Uani. Anaziba pancha kwenye baiskeli isiyo na pancha.

FUNDI: Mwite.

MPISHI: Nitaanzia wapi? Nilivyomtukana... (mlio) Hilo salio linaisha.

FUNDI: Nisikilize basi, upesi. Samahani itakuja yenyewe. Uliwahi kumuuliza mtoto alifanana na nani?

MPISHI: ...Hapana.

FUNDI: Ule uso amekaa nao yeye peke yake miaka yote, hana wa kumsimulia. Muulize. Muulize pua, muulize nywele—

MPISHI: Mama, asante, kazi ya mikono yako—

FUNDI: Achana na mikono yangu. Nenda kwa— (simu inakatika)

MPISHI: Haloo? Mama? (anaita, mbali na simu) Mume wangu. Acha hiyo baiskeli. Njoo ukae hapa.