Siku Mbili za Kuzaliwa za Tarumbeta

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la Kinyozi. Pana benchi moja refu, birika langu la kahawa, na wazee watatu ambao ni mvua tu inayoweza kuwang'oa. Kazi yao kubwa ni kuadhimisha siku za kuzaliwa za wanamuziki wa miaka ya hamsini na sitini. Anayezijua tarehe zote tunamwita Kalenda. Mwenye sahani za muziki zimejaa chini ya kitanda ni Santuri. Wa tatu ni Kinyozi mwenyewe, ambaye hunyoa huku akibisha. Leo ilikuwa zamu ya marehemu Tarumbeta, mpulizaji na mwimbaji wa mtaa huu huu, rafiki yao wa kufa na kuzikana, kama wanavyosema wao. Huyu huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Machi na Agosti, maana walibishana wakashindwa kuafikiana. Mimi nilihamia hapa akiwa ameshakufa, namjua kwa midomo yao tu, na nakiri kuna siku najuta kumjua.

Tulikuwa kwenye duru ya kwanza ya kahawa pale mama mmoja alipofika, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo.

— Shikamooni, wazee wangu. Mimi ni binti wa Tarumbeta.

Benchi zima lilisimama. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, mteja akabaki kanyolewa upande mmoja.

— Marahaba, mwanangu! Karibu, kaa hapa. Wewe, mmiminie kahawa!

Mama hakukaa.

— Nimetoka makaburi ya zamani, nyuma ya soko. Barabara mpya inapita pale. Kila mwenye ndugu anaonyesha kaburi lake, linahamishwa na kuwekewa jina. Yasiyo na mwenyewe yanafukuliwa yote, mifupa inatiwa shimo moja. Wanamaliza leo jioni. Nazunguka tangu asubuhi, vibao vimeoza. Mama aliondoka na mimi nikiwa mdogo, na habari za msiba zilitufikia miezi imeshapita. Nimeambiwa nyie ndio mliokuwa watu wake. Nionyesheni kaburi la baba.

— Umefika kwa wenyewe, Santuri akasema. Na umekuja siku yenyewe! Leo ndiyo siku yake ya kuzaliwa.

— Yako wewe hiyo, Kinyozi akadakia. Tarumbeta ni wa Agosti.

— Machi! Kalenda akapiga benchi. Aliniambia kwa mdomo wake.

— Mdomo wake ulikuwa wa kupulizia. Mimi nimemnyoa miaka ishirini. Watu wa Agosti nywele zao zina vizingo viwili utosini. Tarumbeta alikuwa navyo viwili.

— Wazee wangu, yule mama akasema, ni upande wa ukutani au kule chini mtaroni?

— Tunakuja huko, mwanangu, Santuri akamtuliza. Lazima uanze na sahani ya kwanza. Ilitoka hamsini na nne. Studio ilikuwa haichukui mtu chini ya miaka kumi na minane. Sasa piga hesabu mwenyewe.

— Hesabu gani? Kalenda akacheka. Alidanganya umri! Bendi nzima ilidanganya. Mpiga ngoma wao alikuwa na miaka kumi na miwili, kapakwa masizi juu ya mdomo aonekane ana masharubu.

— Basi nikuambieni jingine, Santuri akainamia mbele. Kwenye ile sahani ya hamsini na nne anayepuliza si yeye. Sikiliza pumzi. Walikuwa wawili, wamepokezana jina moja. Mmoja wa Machi, mmoja wa Agosti. Ndiyo maana tunagombana.

— Na huyo aliyekufa ni yupi? Kinyozi akauliza.

— Hapo ndipo penyewe! Mimi sina hakika kama alikufa. Juzi juzi nimesikia redio ya mbali, pumzi ni ile ile.

Nilimtazama yule mama. Nikasikia aibu kubwa, kana kwamba ni mimi niliyesema.

— Alikufa, mzee wangu, akasema. Nimekuja kumchukua.

Nikashindwa kuvumilia.

— Wazee, soko lile pale, wala si mbali. Si msimame mkamwonyeshe? Kahawa haitakimbia.

Kalenda akaanza kulikanda goti. Santuri akaona kuna kitu ndani ya kikombe chake. Kinyozi, ambaye hana goti bovu wala kikombe, alikuwa anafungua mkasi na kuufunga.

— Ni ukutani, Kalenda akasema.

— Mtaroni, akasema Santuri, kwa sauti ndogo.

Yule mama akawatazama mmoja mmoja. Nadhani alishaelewa kabla yangu.

— Siku ya maziko, nani kati yenu alikuwepo?

Kule nyuma ya soko mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikaanza tena.

— Redio ilikuwa inapiga nyimbo zake tangu alfajiri, Kalenda akasema hatimaye. Mtangazaji akataja Agosti. Nikasema hapana, huyu anapotosha. Santuri akaleta sahani kuhakikisha mwaka. Tukasema tumalize hili kwanza, tutawakuta huko huko. Ubishi ukatunogea. Tulipoinuka, waliomzika walikuwa wanarudi, wanajikung'uta mikono.

— Akina nani hao?

— Vijana wa kubeba mizigo sokoni. Walijitolea tu.

— Nawapataje?

— Walitawanyika siku nyingi, mwanangu.

— Majina yao?

Huyu Kalenda anakutajia mpiga gita wa pili wa bendi iliyodumu miezi mitatu, na siku aliyozaliwa mama yake. Ya wale vijana hakujua hata jina moja. Kinyozi alirudi ndani kumalizia upande wa pili wa mteja wake.

Mama akajifunga mtandio vizuri. Hakutukana, na mimi nilitamani atukane. Alinirudishia kikombe kikiwa bado kimejaa, akaniambia ahsante, akageuka.

Kalenda akasimama kwa shida, machozi yanamlenga.

— Mwanangu! Angalau tarehe uwe nayo. Waambie waandike Machi. Hilo nakuapia, ni Machi.

Mama akasimama, akamgeukia.

— Waandike wapi, baba?