Babu Fundi wa Vitabu na Kurasa za Tobiti

Jamani, walicheka! Babu yetu na shemeji yake padri walicheka wodini mpaka nesi akaja kuwatuliza, baada ya miaka karibu hamsini ya kupeana salamu za mkato. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika maisha ya marehemu, ndiyo maana limetangulia. Sasa tuanze alipoanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1947, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba kilichopakana na kiwanda cha sabuni. Mwenyewe alikuwa anasema alizaliwa ameshaoga.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1955 hadi 1962, na huko akaushika Uprotestanti kama wenzake walivyoshika mpira. Ukimuuliza ni nini, ujue chai itapoa. Angekueleza kwamba mwaka 1517 mtawa mmoja wa Ujerumani alichoshwa na biashara ya vyeti vya msamaha, akaandika hoja zake. Na kwamba mwaka 1529 wakuu waliomuunga mkono walitoa tamko la kupinga imani yao kubanwa, jina likatokea hapo.

"Lakini usiishie kwenye kupinga," alikuwa anasema. "Maana yake ni kwamba neema hainunuliwi, na Neno kila mtu alisome mwenyewe, kwa lugha anayoota nayo ndoto."

Bibi, Mkatoliki wa damu, alikuwa anamjibu kutoka jikoni, "Haya, wewe pinga, lakini sufuria utaosha." Na aliosha.

Mwaka 1963 aliingia karakana ya kujalidi vitabu, nyuma ya duka la vifaa vya shule. Alishona, alipaka gundi, alibana majalada, kucha zake hazikutakata tena. Mwaka 1975 parokia ya mchumba wake ikamletea Biblia zilizochakaa. Akazifumua na kuzipanga upya kama alivyokariri utotoni, vitabu sitini na sita. Kumbe Biblia za Kikatoliki zina vingine saba, na yeye hakuwahi kufungua hata moja. Zilipobaki kurasa za Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na wenzao, akadhani mpiga chapa kachanganya kazi za watu wawili. Akazifungia kwenye boksi, akashona zile nyingine. Vizuri kweli.

Alifunga ndoa parokiani kwa Bibi tarehe 22 Novemba 1975. Kaka yake Bibi, padri kijana, akasimama na mojawapo ya Biblia zile, asome sala ya ndoa ya Tobia na Sara, iliyo katika kitabu cha Tobiti. Akafunua. Nehemia, halafu Esta. Akafunua tena. Babu jasho linamtiririka ndani ya suti ya kuazima, maana ndiyo kwanza ameelewa. Padri akasoma zaburi, na moyoni akaamini shemeji yake amezikata kurasa makusudi. Babu naye akaogopa kwamba akiomba radhi, watu watasema ameikana imani yake. Basi ikawa hivyo: kaka akija kumsalimia dada, mume ana kazi ya haraka karakanani.

Moyo wa Babu ulianza kuchoka mwaka 2023. Februari mwaka huu alilazwa, na hapo akaogopa kufa na lile boksi. "Nitamwambia nini Mungu," alimuuliza Bibi, "kwamba nilikuwa namtetea?" Akaagiza boksi, sindano na uzi. Akashona zile kurasa kitandani kuwa kitabu chembamba, kisha akamwita shemeji yake.

"Shemeji, hivi ni vyenu. Sikuvitoa kwa imani, nilivitoa kwa ujinga. Kilichonifunga mdomo ni kiburi, na hicho hakina dhehebu."

Padri akakigeuzageuza kile kitabu. "Miaka yote hii nilidhani umeamua kutuokoa kwa mkasi."

Ndipo kikaja kile kicheko. Kilipotulia, padri akamkalisha Bibi kando ya mumewe na kuwasomea ile sala. Babu akasema amina, halafu akaongeza kwamba Tobiti bado si Maandiko.

"Najua," padri akasema. "Lala."

Marehemu alituaga asubuhi ya Jumanne, 11 Machi 2025. Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu tisa, na shemeji mmoja, ambaye leo amesimama kando ya kaburi bega kwa bega na mchungaji wa Babu. Mungu ampe Babu pumziko tamu.

Ukimaliza kusoma, tafadhali mpe karatasi hii ya wasifu mtu wa kanisa lingine.