Mama Pumua na Picha Iliyotoka Safi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupiga picha za eksirei za matiti, mwenzetu ambaye wagonjwa na watumishi wote humwita Mama Pumua anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi.

Jina lilitokana na kazi. Mgonjwa akishabanwa kwenye mashine huambiwa "usipumue", na picha ikishapigwa huambiwa "haya, pumua". Mwenzetu aliyazoea maneno hayo kiasi kwamba kwenye harusi ya binti yake, mpiga picha alipoinua kamera, aliwaamuru maharusi wasipumue, nao wakatii. Ndiye pia aliyekuwa akilipasha joto bamba la mashine kwa viganja vyake kila asubuhi, ili baridi isimshtue mgonjwa wa kwanza.

Filamu zilipoondoka na kompyuta zikaingia, alitutangulia sote kujifunza programu ya kuboresha picha. Programu hiyo hung'arisha palipofifia, hukoleza kingo za uvimbe na kufuta chengachenga zinazochafua picha. Picha zake zilipendeza hata madaktari wakawa wanaziulizia. Akazidi kupandisha kiwango cha kufuta chenga, nasi tukazidi kumsifu.

Ndipo akamleta dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada hakutaka kuja, alisema haumwi popote, ilibidi abembelezwe. Picha ikatoka safi, daktari akaipitisha, na ndugu hao wakaondoka wameshikana mikono wakicheka. Mwaka haukuisha, dada akagusa uvimbe akiwa anaoga.

Mama Pumua aliifungua picha mbichi, yaani jinsi mashine ilivyoipiga kabla kompyuta haijaigusa. Vilikuwapo vidoa vyeupe vya chokaa, vidogo kama punje za chumvi, vimejikusanya mahali pamoja. Ni dalili ya saratani ambayo kila mmoja wetu hufundishwa kuitafuta, na programu ilikuwa imevichukulia kuwa chenga. Aliniita, akanionyesha kwa kidole, akasema, "Hivi hapa. Nilivifuta mimi."

Hakuomba likizo. Alizipitia upya picha mbichi zote za kipindi kile, moja baada ya nyingine, huku chai ikimpoa mezani. Wanawake kadhaa waliitwa tena na baadhi yao wamepona. Mmoja ni mpishi wa kantini yetu, ambaye kila akimwona humshukuru mpaka foleni inasimama. Mama Pumua humsikiliza kwa adabu, kisha huondoka bila kula. Kanuni iliyobandikwa mlangoni petu, kwamba picha mbichi itazamwe kwanza na ya kompyuta ifuate, ni yake. Itaokoa wengi. Dada aliyemlea haitamwokoa, na hilo halina faraja, hata tuliseme vipi.

Tangu saratani ya dada ifike mapafuni, Mama Pumua hajatamka tena "usipumue". Huinua kiganja tu, na wagonjwa huelewa.

Wastaafu hupongezwa kwa kuwa wanakwenda kupumzika. Yeye anahamia chumbani kwa dada yake, ambaye madaktari wamembakizia dawa za maumivu tu. Kamati ilikuwa imeshanunua saa ya ukutani. Niliwasihi waibadilishe, na sasa tutamkabidhi mablanketi mawili.

Mama Pumua, asante kwa viganja vyako, kwa macho yako, na kwa kutuonyesha kosa ambalo ungeweza kulificha. Desturi inataka tukutakie maisha marefu yenye furaha, lakini uliniomba nisiandike uongo. Basi tunakutakia usingizi kidogo. Na tunakutakia uamke kesho umkute dada anapumua.