Mkwaruzo wa Mlango wa Abiria

Viti vitupu vilikuwa tele ndani ya basi, lakini mshonaji hakuhama. Mazungumzo yalikuwa yamenoga. Mbele yake, bwana mwenye tai alikuwa akimsimulia fundi rangi wa magari, aliyejuana naye dakika kumi tu zilizopita, jinsi gari lake lilivyokwaruzwa. "Ni mlinzi wangu. Nimemfukuza jana, yeye na wanawe wanne na godoro lao."

Fundi, kucha zake zimeganda rangi, akauliza, "Mkwaruzo uko wapi, bosi?"

"Mlango wa abiria. Umeanzia chini ya kioo ukashuka."

"Ukipitisha ukucha, unanasa wapi?"

"Juu. Huku chini umefifia."

Fundi akanyamaza. Mshonaji aliujua ukimya ule wa kutafuta neno lisilochoma. Yeye huutumia kwa wateja walionenepa.

"Anayekwaruza akipita nje, mstari wake hulala," fundi akasema. "Huu umesimama, na nguvu zote ziko juu. Aliyeuchora alikuwa ndani, kioo kimeshushwa, akatoa mkono. Kiti hicho hukaa nani?"

"Mke wangu tu," bwana akajibu, kisha akasikia alichokisema.

"Nitaupiga rangi mlango, hakitaonekana kitu," fundi akawahi.

"Kwa nini asiniambie kinachomuuma?"

"Hilo mimi silijui, bosi. Na yule mlinzi?"

Basi likasimama. Kondakta akamgusa bwana begani: "Si ulisema unashuka hapa, nyumbani?" Bwana akaitikia kwamba ndipo, na hakuinuka.